Sura ya Saba: Mirija ya Hewa

Mwaka 1960 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilitoa gari liitwalo 300F. Injini yake ilikuwa V8 ya inchi za ujazo 413, karibu lita 6.8, na ukifungua boneti unakuta kabureta mbili zimetupwa pembeni kabisa, moja kila upande. Katikati inapita mirija ya alumini iliyopishana: kabureta ya kulia inalisha silinda za kushoto, ya kushoto inalisha za kulia. Kila mrija ulikuwa na urefu wa inchi 30, yaani sentimita 76. Aliyezoea kuona kabureta imekaa katikati ya injini angeweza kudhani ni mapambo ya kumvutia mnunuzi.

Hayakuwa mapambo. Injini hiyo ilitoa nguvu farasi 375, na toki yake, yaani nguvu ya kuzungusha, ilifika kileleni mapema sana, kwenye mizunguko 2,800 kwa dakika. Kisha, kwa wateja wachache waliotaka gari la kushindania, Chrysler wakatengeneza manifoldi nyingine (manifoldi ndiyo hiyo seti ya mirija ya hewa) ambayo kwa nje inafanana sana na ile ya kwanza. Ndani yake ukuta unaotenganisha mrija na jirani yake uliondolewa kwa nusu ya njia, urefu wenye kazi ukabaki inchi 15. Injini iliyofungwa manifoldi hiyo ilitajwa kuwa na farasi 400. Toki ikashuka kutoka futi-pauni 495 hadi 465, na kilele chake kikasogea hadi mizunguko 3,600.

Anayekuuzia manifoldi atakuambia inaongeza farasi 20. Huenda hasemi uongo. Muulize tu: kwenye mizunguko mingapi? Na ile ya chini inapoteza kiasi gani? Manifoldi ya kuingiza hewa ndiyo inayochagua injini ipumue vizuri wapi, na kila inapopapendelea mahali pamoja inapunja pengine. Mengine yote katika sura hii, tangu duka la kununulia hadi spana ya kukazia, yanategemea jibu la swali hilo.

Tuangalie kinachotokea ndani. Pistoni inaposhuka huku valvu ya kuingiza ikiwa wazi, hewa iliyo karibu na valvu inavutwa ghafla. Mvuto huo haufiki upande wa pili wa mrija papo hapo. Unasafiri kama wimbi, kwa kasi ya sauti, takriban mita 340 kwa sekunde, ukiipanda njia kuelekea kwenye chemba ambako mirija yote inakutana. Ukifika mdomoni mwa mrija, mahali nafasi inapopanuka ghafla, wimbi linageuka. Lilikwenda likiwa la mvuto, linarudi likiwa la msukumo. Likiikuta valvu inakaribia kufunga, linasukumia ndani hewa ya nyongeza ambayo pistoni peke yake isingeivuta. Likichelewa, linakuta mlango umefungwa.

Hesabu yake si ngumu. Mrija wa sentimita 76, kwenda na kurudi, ni mita 1.52. Kwa kasi ya sauti, safari hiyo inachukua kama milisekunde 4.5. Kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika krankishafti inazunguka nyuzi 18 kila milisekunde moja, hivyo wimbi linarudi baada ya nyuzi 80 hivi, wakati pistoni ingali inashuka na valvu ingali wazi. Punguza mrija kwa nusu, na ili wimbi lirudi kwenye nyuzi zile zile 80 itabidi injini izunguke mara 6,000. Chrysler hawakufika 6,000, walifika 3,600, kwa kuwa kamshafti, ukubwa wa valvu na njia iliyomo ndani ya silinda hedi navyo vina usemi. Kwa hiyo fomula za urefu wa mirija zichukue kama dira. Zinakuonyesha upande wa kuelekea, hazikuambii umefika.

Wasomaji wa nyanda za juu huuliza kama manifoldi fupi inaweza kufidia hewa nyepesi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo inapoteza pale sehemu kubwa ya nguvu iliyokuwa nayo Mombasa. Lakini kasi ya sauti hufuata joto la hewa. Wepesi wake hauibadilishi. Mrija uliopangwa kwa mizunguko 4,500 Mombasa unabaki wa mizunguko kama hiyo hiyo Nairobi, ila hewa inayosukumwa ndiyo pungufu. Ukitaka kulipia mwinuko, tafuta turbo. Manifoldi haina dawa hiyo.

Ubishi kati ya mrija mrefu na mfupi unaonekana vizuri zaidi kwa General Motors, kwa sababu kampuni hiyo ilihama upande ndani ya miaka saba. Corvette ya 1985 ilikuja na mfumo ulioitwa Tuned Port Injection: mirija mirefu iliyojikunja juu ya injini kutoka kwenye chemba ya katikati. Ni injini nzuri kwa macho, na kwa mjini ni tamu kuiendesha. Ilitoa farasi 230 kwenye mizunguko 4,000, na toki ya futi-pauni 330 kwenye 3,200. Ukivuka hapo ukaendelea kukanyaga mafuta, kelele inaongezeka kuliko mwendo. Mwaka 1992 ikaja LT1, yenye inchi za ujazo zile zile 350 na mirija mifupi iliyolala chini. Toki ya juu kabisa ilikuwa futi-pauni 330, sawasawa na ile ya 1985, isipokuwa sasa ilipatikana kwenye mizunguko 4,000, na nguvu ikafika farasi 300 kwenye 5,000. Silinda hedi na kamshafti pia zilibadilishwa, kwa hiyo sifa zote tusiipe mirija. Hata hivyo tazama tena takwimu hizo: injini iliyoweza kubaki na kilele kile kile cha toki mizunguko 800 juu zaidi ikapata farasi 70.

Kisha mwaka 1997 ikaja LS1, injini ya alumini ya lita 5.7 yenye farasi 345, iliyoingia kwanza kwenye Corvette na mwaka uliofuata kwenye Camaro na Firebird. Manifoldi yake haikuwa ya chuma wala alumini, bali nailoni iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo. Waliokuwa wakicheka plastiki walinyamaza baada ya kupima: uso wa ndani ni laini, na joto la injini halipenyi kirahisi kuifikia hewa inayopita. Mwaka 2001 Corvette Z06 ilipata LS6, ya farasi 385, yenye manifoldi ya nailoni iliyo na chemba kubwa zaidi. Mwaka huo huo GM wakaanza kufunga manifoldi hiyo ya LS6 hata kwenye LS1 ya kawaida, na nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi za Corvette ikapanda kutoka 345 hadi 350. Farasi watano! Ninaitaja takwimu hiyo kwa makusudi, kwa mtu anayedhani kisanduku kimoja cha nailoni kitaligeuza gari lake kuwa kitu kingine.

LS1 ndiyo nitakayoishikilia kwa mfano, maana huenda hakuna injini ya kisasa yenye soko kubwa la manifoldi za kubadilisha kuliko familia yake. Tuseme mtu huko Ohio ana Camaro ya 1999. Anaiendea kazini siku za wiki, na mara moja moja anaipeleka kwenye mbio za robo maili. Mbele yake kuna njia kadhaa.

Ya kwanza ni LS6 iliyotumika. Si ghali, ni ya kiwandani, reli ya mafuta ya Camaro yake inakaa bila ubishi, na chini haipotezi chochote cha kusikitikia. Ya pili ni manifoldi za FAST, nazo ni za plastiki ngumu, zenye mdomo wa milimita 92 au 102, ilhali throto bodi ya LS1, yaani mlango wa kuingizia hewa, ni ya milimita 75. Bei yake inauma. Ya tatu ni karibu bure: manifoldi ndefu ya malori madogo ya GM, ambayo kwenye yadi za vyuma chakavu imejaa tele. Mirija yake ni mirefu, inavuta vizuri chini, lakini imesimama juu kiasi kwamba boneti ya Camaro haifungi. Wengi hugundua hilo wakiwa wameshaifunga.

Halafu kuna zile za alumini zenye mirija mifupi iliyonyooka, kama Victor Jr. ya Edelbrock na Hi-Ram ya Holley. Edelbrock wana haki ya kuzungumza juu ya vitu hivi. Vic Edelbrock alianza biashara hii California mwaka 1938 kwa manifoldi aliyoipa jina Slingshot, aliyoibuni kwa ajili ya Ford V8 yake, naye gari hilo hilo alilipeleka kwenye maziwa makavu ya jangwani kushindania mwendo. Lakini Victor Jr. imetengenezwa kwa injini inayoishi kwenye mizunguko ya juu. Ukiifunga kwenye Camaro ya kwenda kazini, utakuwa umenunua kiatu cha mbio ili ukitumie kusimamia foleni.

Ushauri wangu hauwapendezi wenye maduka. Kama injini haijafunguliwa, kamshafti ni ya kiwandani na silinda hedi ni za kiwandani, chukua LS6 au usichukue kitu. Throto ya milimita 102 haina maana iwapo valvu na njia za silinda hedi ndizo zinazobana. Hewa itapita mlango mpana sana, kisha itangoja kwenye mlango mwembamba. FAST inaanza kulipa pale kamshafti inapobadilishwa na hedi kupanuliwa, kwa sababu hapo injini imeshaomba hewa na manifoldi ya zamani ndiyo inayoinyima.

Kabla ya kulipa, weka takwimu pembeni na uangalie mambo ya kufaana. Matundu ya hedi za LS1, LS6 na LS2 ni marefu na yamechongoka juu kama dirisha la kanisa. Ya LS3, iliyotoka 2008, ni ya mstatili, na LS7 ina ya kwake peke yake. Hakuna namna ya kuyalazimisha. Urefu wa injekta pia hutofautiana: za LS3 ni fupi kuliko za LS1, na reli iliyokaa juu mno au chini mno itavujisha mafuta juu ya injini ya moto. Camaro za 1998 hadi 2000 zina mfumo wa EGR, unaorudisha sehemu ya moshi kwenye hewa inayoingia, na LS6 haina tundu lake. Huko California, kipande chochote cha kubadilisha katika mfumo wa hewa ya gari la barabarani kinatakiwa kiwe na namba ya kibali kutoka bodi ya hewa ya jimbo, CARB, la sivyo gari linakwama kwenye ukaguzi wa moshi. Uliza kuhusu namba hiyo kabla ya kuuliza bei.

Wenye turbo, na najua wapenzi wa Subaru ni wengi miongoni mwa wanaosoma Kiswahili, wana hesabu nyingine kidogo. Wimbi linasafiri vile vile, ila turbo ndiyo inayobeba mzigo wa kusukuma hewa, na faida ya kubadili manifoldi huwa ndogo hadi presha iwe kubwa sana. Kilicho kikubwa zaidi kwao ni uvujaji, ambao injini ikiwa imetulia huingiza hewa, na turbo ikikaza huitoa.

Sasa kufunga. Kazi yenyewe ni ya siku moja kwa mtu asiye na haraka, na sehemu ngumu yake haiko kwenye nguvu za mkono. Iko kwenye usafi.

Anza na injini baridi. Toa waya hasi wa betri. Kwenye reli ya mafuta ya LS1 mna presha ya takriban psi 58 hata gari likiwa limezimwa, hivyo itoe kwanza kupitia valvu ndogo iliyo kwenye reli, ukiwa umeizungushia kitambaa, na mtungi wa kuzimia moto ukiwa karibu. Usiwe upande mwingine wa gereji. Karibu, pale unapoweza kuushika bila kuangalia. Kisha piga picha kila waya na kila bomba kabla ya kulichomoa: bomba la buster ya breki, bomba la hewa chafu ya injini, bomba la mvuke wa tangi la mafuta, sensa ya presha iliyojificha nyuma. Ile ya nyuma ndiyo husahaulika, na mtu anayevuta manifoldi kwa nguvu huku bado imeshikwa na waya atajuta.

Kabla hujailegeza, puliza kwa hewa ya kompresa mchanga wote uliokaa kwenye mifereji inayozunguka manifoldi. Mchanga huo ukiachwa, manifoldi ikinyanyuliwa unaangukia moja kwa moja kwenye matundu ya hedi, juu ya valvu. Manifoldi ikishatoka, ziba matundu yote manane papo hapo kwa vitambaa safi visivyotoa nyuzi, na vihesabu. Nati moja ikiingia kwenye silinda, gharama yake inazidi ya manifoldi ghali kuliko zote sokoni. Mafundi wengine huziba kwa utepe, jambo ambalo ni jema zaidi, mradi gundi isibaki kwenye uso wa hedi.

Ukiwa hapo, angalia bondeni chini ya manifoldi. LS1 ina sensa mbili za kugundua kugonga kwa injini, zimezama kwenye vishimo vyenye vifuniko vya mpira. Maji yakipenya humo sensa zinaota kutu, na kuzifikia tena maana yake ni kurudia kazi yote. Nyuma yake iko sensa ya presha ya oili, nayo hupenda kufa gari likiwa limetoka tu gereji. Zibadilishe zote sasa. Na kama gari ni la kabla ya 2001, kuna bomba la mvuke wa maji linalounganisha pembe nne za hedi. Sehemu yake ya nyuma inagombana na tumbo la LS6, kwa hiyo huondolewa, matundu ya nyuma yakazibwa kwa vifuniko maalumu, na bomba la mbele likabaki.

Uso wa hedi ni alumini. Usiukwangue kwa bisibisi wala kisu. Tumia kikwaruzo cha plastiki, kisha kitambaa chenye kisafishio. Gasketi za LS ni mipira inayokaa kwenye mifereji ya manifoldi yenyewe. Weka mipya, ikae sawa pande zote, wala usiipake silikoni. Nimeona mafundi wazuri kabisa wakipaka silikoni kwa mazoea ya injini za zamani, kisha ziada inachungulia ndani ya njia ya hewa na siku moja inakatika na kumezwa.

Bolti ni 10, ndogo, na zinaingia kwenye alumini. Zipake gundi ya nyuzi za bolti, zianze zote kwa vidole hadi zishike, ndipo utoe toki renchi. Zinakazwa kwa awamu mbili, kuanzia katikati kwenda nje: kwanza nyutoni mita 5, halafu 10. Kumi tu. Mkono wa mtu mzima ulioshika racheti unapita hapo bila kuhisi chochote, kisha nyuzi za alumini zinatoka na bolti, au nailoni inapasuka kwenye sikio la bolti. Kama toki renchi yako ni ile kubwa ya nati za magurudumu, haifai kwa kazi hii, azima ndogo.

Kabla ya kuwasha, geuza ufunguo bila kupiga stata, mara mbili tatu, pampu ijaze reli, kisha angalia kila injekta kwa tochi na upapase kwa kidole. Ikiwa kavu, washa. Injini itakayoguna na kuzunguka juu bila kukanyagwa mafuta ina hewa inayoingia mahali pasipo ruhusa. Wengi huitafuta kwa kupulizia kisafishio cha kabureta na kusikiliza injini inavyobadilika, nayo ni njia ya kuwasha moto juu ya manifoldi moto. Mashine ya moshi ni salama na inakuonyesha tundu kwa macho. Njia nyingine ni kusoma kompyuta ya gari: ikiwa marekebisho ya mafuta ya muda mrefu yamepanda juu ya asilimia 10 kwenye benki zote mbili, au imejitokeza misimbo ya hitilafu P0171 na P0174, kuna hewa ambayo haikupimwa. Ikiwa ni benki moja tu, rudi kwenye gasketi za upande huo.

Hata bila uvujaji, kompyuta inahitaji kupangwa upya, hasa throto ikiwa imekuwa kubwa. Jedwali lililomo ndani yake linaeleza jinsi injini ya zamani ilivyokuwa ikijaza silinda, na injini hiyo haipo tena. Ukiwa na fundi wa kompyuta, mwombe mpime kwenye daino, yaani mashine ya kupimia nguvu, ile ile uliyopimia kabla ya kubadilisha, gia ile ile, injini ikiwa na joto lile lile. Ukipima mpya kwenye daino nyingine utakuwa unalinganisha mashine mbili, si manifoldi mbili.

Ukipewa karatasi, usianze na farasi walioandikwa juu kwa herufi kubwa. Weka mistari miwili ya toki pamoja, wa zamani na mpya, utafute mahali inapokatana. Chini ya hapo umepoteza, juu ya hapo umepata. Kisha endesha wiki nzima ukiangalia sindano ya mizunguko inakaa wapi. Mistari ikikatana kwenye 4,500 na wewe huvuki 4,000 ila siku za mashindano, manifoldi ya zamani isafishe na uirudishe. Utahitaji gasketi mpya tu, bolti ni zile zile 10.